Dadangu Alicheka Kabla Yangu

Mimi na dadangu mdogo tulifiwa na waume zetu siku moja, katika ajali moja. Walikuwa wakifanya biashara ya mbuzi pamoja. Walikuwa wakinunua Kyuso na vijiji vya karibu, wanapakia lori Mwingi, wanapeleka Nairobi. Alhamisi hiyo lori lilipinduka kabla halijafika mbali. Tuliitwa pamoja, tukawatambua pamoja, na kwa kuwa maboma yetu yanapakana, makaburi yote mawili yanaonekana kutoka jikoni kwangu na kutoka jikoni kwake.

Nayasema haya ili mtu asidhani mzigo wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Nilitamani uwe mwepesi. Ningekuwa na sababu ya kukawia kucheka.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi nilikuwa nje nikipepeta ndengu nikamsikia akicheka. Alikuwa na akina mama wa mwethya, wale tunaosaidiana kulima, na mmoja wao alikuwa ameteleza kwenye tope la silanga, bwawa letu la maji ya mvua. Niliweka ungo chini. Mimi wakati huo nilikuwa nalala na koti la mume wangu, na kila Jumapili nilikuwa natoa mashati yake kabatini, nayakunja upya, nayarudisha. Watu wakija kwangu walishusha sauti, wakaomba, wakaondoka haraka. Kwake walikaa, wakaongezwa chai.

Tulizaliwa hivyo. Tukichapwa utotoni, yeye alilia mpaka majirani wakasikia, na jioni alikuwa amekaa mapajani mwa aliyemchapa. Mimi sikulia, na mwaka mzima baadaye ningekwambia ni fimbo ya mti gani. Mama alikuwa akisema mmoja wetu ana moyo wa maji na mwingine wa udongo wa mfinyanzi. Sikujua kwamba siku moja ningeuonea wivu moyo wa maji kiasi cha kukosa usingizi.

Kanisani waliamua kuanzisha kikundi cha wajane. Wakatafuta mtu wa kuwatia wengine moyo. Nilikuwa nimekaa benchi la pili na kitambaa changu cheusi, mimi mkubwa, mimi niliyekuwa sikosi ibada, wakamchagua yeye. Alisimama akaongea vizuri, bila kusoma popote. Wanawake walilia na kucheka kwa pamoja. Baada ya ibada mke wa mchungaji alinishika mkono akaniambia nina bahati ya kuwa na dada kama huyo.

Nikamwambia, "Mtu ambaye hakupenda hana cha kulilia."

Nilijua ni uongo wakati maneno yakiwa bado mdomoni. Nilikuwa nimemwona dadangu siku ya kuwatambua, nilimshika asianguke. Lakini neno likishatoka halina mwenyewe. Wiki haikuisha likawa limefika sokoni. Likamfikia dadangu. Aliacha tu kupita kwangu asubuhi. Ilipofika likizo ya Desemba akachukua binti zake wawili akahamia Kibwezi, ambako rafiki yake alikuwa amemtafutia shamba karibu na mto, alime nyanya na bamia.

Nilibaki na makaburi yote mawili. Nikayapalilia yote mawili.

Mwaka wake wa tatu huko mvua ilinyesha kupita kiasi na mto ukafurika. Binti yake mkubwa alinipigia simu akasema shamba lote limeenda, pamoja na mipira ya maji na pampu. Nikampa pole. Kisha nikakata simu, na kitu ndani yangu kikainuka, kitu kinachofanana na furaha. Nilifikiri, sasa atajua. Nilifunga begi siku hiyohiyo, na majirani nikawaambia naenda kumfariji dadangu.

Nilimkuta amesimama kwenye tope mpaka magotini, anavuta mpira wa maji uliokwama kwenye mizizi, na vibarua wawili wakivuta naye. Mpira ulipokatika wote watatu walikaa chini topeni. Naye akacheka, kile kicheko chake chenyewe. Nilisimama ukingoni na viatu vyangu vya kanisani, nikaona uchungu uleule wa siku ya silanga ukinirudia.

Jioni, watoto wakiwa nje, alinikatia sukuma wiki mimi nikisonga ugali. Nikamuuliza anawezaje. Sikumuuliza kwa upole.

"Siwezi, mwana wa mwaitu," akasema. Hivyo ndivyo tunavyoitana, mwana wa mama yangu. "Mimi huchoka tu. Nalia, halafu nachoka kulia. Hata yale uliyoyasema kwetu Kyuso, nilikasirika wiki mbili, halafu nikachoka."

Nilitaka kuomba msamaha lakini alikuwa bado hajamaliza.

"Ila na mume wangu nimemchoka hivyohivyo," akasema. "Binti mdogo aliniuliza sauti ya babake ilikuwaje. Nikatafuta, sikuipata. Wewe unaikumbuka?"

Nilikuwa naikumbuka. Sitaficha kwamba kwanza nilisikia ushindi: hatimaye kuna kitu ninacho ambacho yeye hana. Kisha nikamtazama usoni, ushindi ukaniishia. Nikaita watoto ndani. Nikawaambia babao alikuwa na sauti nene iliyokwaruza kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi, na kwamba alikuwa akiita mbuzi kwa kupiga ulimi mara tatu. Nikawaonyesha. Yule mdogo alijaribu mpaka akaweza. Dadangu aligeukia jiko, akalia muda mrefu, na mara hii hakuchoka upesi.

Nilimwomba msamaha asubuhi, tukiwa shambani. Akasema amesikia, nimshikie mche. Nilikaa wiki tatu. Mimi napanda kwa kamba, mistari iliyonyooka, napima kwa hatua. Yeye anapanda akiongea. Siku moja alitazama mistari yangu akasema mtu anayepanda namna hii baada ya mafuriko hawezi kusema ameshindwa na maisha. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuamka kila siku na kufanya kitu kilekile kwa mpango kulikuwa pia namna ya kusimama.

Mwaka jana aliolewa tena, na fundi wa pampu, mgane mpole wa hapohapo Kibwezi. Aliponiambia kwa simu, nilienda kufungua kabati. Mimi nilikuwa bado sijaweza hata kugawa yale mashati. Lakini nilienda. Nilimfunga kilemba kwa mikono yangu, nikakirudia mara mbili kwa sababu hakikukaa sawa. Alipendeza, na niliona wivu, na nilimwambia yote mawili. Akasema anajua, niharakishe, watu wanangoja.