Bi Tarehe na Kadi za Koki

Watu wakiniuliza mke wangu anafanya kazi gani, huomba kwanza nipewe kiti. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu inaelezeka kwa kuvuta tu kola ya shati. Yeye ni mshauri wa kompyuta na usimamizi wa miradi. Yaani ofisi ikishanunua kompyuta na kuzifunika vitambaa mwaka mzima, huitwa yeye azifanye zifae, watu wazikubali, na yote yaishe siku iliyoahidiwa. Kote alikopita wanamwita Bi Tarehe, kwa sababu ukimwambia "nitafanya", hakuachii mpaka useme tarehe ngapi. Hata nilipomposa aliniuliza tarehe ngapi. Nikataja, nikaitimiza, na nadhani ndiyo maana bado tuko pamoja.

Mwaka juzi idara ya maji ya mji wetu ilimwita. Washauri wawili walikuwa wameshashindwa pale kabla yake. Kazi ilikuwa kuhamisha kadi elfu tatu kutoka kwenye droo za masjala kwenda kwenye kompyuta. Kila kadi ilikuwa ya koki moja kubwa, zile zinazokaa kwenye mashimo chini ya barabara: iko wapi, inafunga maji ya mtaa gani, ilitengenezwa lini. Zamani fundi bomba alipitia masjala kupewa kadi. Sasa angesoma kwenye simu hukohuko barabarani.

Masjala ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, mtunza kadi kwa miaka ishirini na mbili, mwenye maneno machache na bakuli la karanga za kukaanga mezani. Siku ya kwanza tu mke wangu aliomba bakuli liondoke.

"Mama, kadi zinapata mafuta."

"Zimepata mafuta miaka yote na maji yanatoka," mama akajibu, lakini akaliondoa.

Kisha mke wangu akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa kazi yake angelifanya na kujisifu: alitoa kadi zote kwenye droo, akazipanga upya kwa namba, zote zikitazama mbele, ili wachapaji waende haraka. Walimaliza siku nne kabla ya tarehe. Alirudi nyumbani akiimba, na nawahakikishia mke wangu hajui kuimba.

Wiki ya kwanza ya mfumo mpya, fundi bomba mmoja, ambaye wenzake wanamwita Kifua kwa jinsi alivyojaa, alitumwa kufunga maji ya mtaa wetu. Akasoma simu, akashuka shimoni, akazungusha koki kulia kama koki nyingi zinavyofungwa. Ikagoma. Akadhani ni kutu, akaongeza nguvu. Chuma cha katikati kikakatika, ikabidi bomba kuu lifungwe, na mitaa mitatu ikakaa siku mbili bila maji. Mimi na ndoo zangu tulipata habari hiyo kabla ya mkurugenzi.

Mkurugenzi alimwandikia Kifua barua: aje Ijumaa ajieleze kwa nini asifukuzwe kwa uzembe. Mke wangu aliambiwa tu, "Mfumo wako hauna tatizo, mama. Tatizo ni watu."

Maneno hayo yalimnyima raha. Jumatano akaenda masjala kuuliza swali alilopaswa kuuliza siku ya kwanza: fundi akija kuchukua kadi, unamwambia nini?

"Namwambia kulia au kushoto," mtunza kadi akasema.

"Unajuaje? Kwenye kadi hakuna."

"Kuna koki za zamani zinafunga kwa kushoto. Kadi zake nilikuwa nazigeuza, zinatazama nyuma. Nikivuta kadi nikaona mgongo, nasema kushoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanangu, uliniuliza kadi ziko ngapi. Nikakujibu."

Mke wangu alinisimulia hayo mchana huo kwenye duka langu la ushonaji, kakaa juu ya marobota ya vitambaa, hata chai hakuigusa. Mimi, nakiri, nilimshauri vibaya. Nilisema mkurugenzi ameshamaliza maneno, kwa nini ujitie kitanzi mwenyewe? Alinitazama mpaka nikajifanya natafuta sindano.

"Kifua ana watoto," akasema. "Na hata angekuwa hana." Niliona aibu, na bado naiona.

Alhamisi akapiga moyo konde, akaingia kwa mkurugenzi. "Kosa si la fundi, ni langu. Nilipanga kadi upya nikafuta kitu nisichokijua."

Mkurugenzi alikunja uso. "Hayo ni maneno ya mdomoni. Barua itangoja mpaka Jumatatu. Niletee orodha ya hizo koki za kushoto. Usipoileta, mtaondoka wote wawili, wewe na fundi."

Orodha itoke wapi? Mtunza kadi alikumbuka koki kama mia mbili, kisha akakwama. Ijumaa walikaa masjala wakitazamana. Mwishowe mama akalirudisha bakuli lake mezani. "Kama ni kufukuzwa, tufukuzwe tumeshiba," akasema, akatafuna, akaanza kupekua kadi kwa kidole gumba kama alivyozoea.

Mke wangu akakiangalia kidole kile. Kadi ya kwanza ilikuwa na doa la mafuta kwenye kona ya juu, upande wa mbele. Ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Ya saba, doa lilikuwa nyuma. Miaka ishirini na mbili ya karanga ilikuwa imeweka alama upande uliomtazama mtunza kadi. Wakazipitia zote elfu tatu, Ijumaa na Jumamosi, zikatoka mia nne na kumi na moja. Alinipigia simu akicheka na kulia kwa pamoja, nikasikia neno moja tu, karanga, nikadhani kazi imempanda kichwani.

Jumatatu mkurugenzi alisoma orodha, akasema karatasi haifungi maji. Kifua aende akafunge koki nyingine ya orodha hiyo, mtaani kwetu, saa nne kamili, yeye mwenyewe akiona.

Saa nne nilikuwa jikoni, bomba nimelifungua, maji yakiingia kwenye sufuria. Saa nne ikapita. Maji yakaendelea kutoka. Roho ikawa juu. Kisha yakapungua, yakawa uzi, yakawa matone, yakakata. Sijawahi kufurahia bomba kavu namna ile.

Simu ikalia. "Yamekata?"

"Yamekata, mama watoto."

Nyuma yake nikasikia karatasi ikichanwa, polepole, mara mbili; nikajua ni ile barua ya Kifua.

"Saa ngapi kamili?" akauliza.

"Saa nne na dakika tatu."

"Nitamwambia Kifua amechelewa," akasema.