Kiapo Ambacho Fanuel Hakutaka Kula

Katika saiba ya Yassir, duka la kompyuta na intaneti karibu na soko la samaki la Homa Bay, Rispa aliisoma barua ya uhamiaji mara tatu kabla ya kukubali kwamba aliyenukuliwa ndani yake ni baba yake mzazi.

"Baba wa mwombaji anaeleza kwamba mume ataishi vizuri nchini Kenya," iliandikwa. "Nyumba imetengwa kwa ajili yake, hospitali yenye mashine ya figo ipo katika kaunti hiyo hiyo, na ukoo mzima uko tayari kumhudumia. Kwa ushahidi huu, hatuoni kwamba mume atapata dhiki ya kipekee akihamia huko." Alipewa siku thelathini kujibu. Asipojibu, ombi lake lingekataliwa.

Yassir, ambaye baba yake alitoka Garissa miaka mingi iliyopita akafungua duka la nguo mjini, alikuwa amesimama nyuma yake na karatasi za mteja mwingine mkononi.

"Hiyo barua ya mzee ni mimi niliiskani," alisema.

"Uliisoma?"

"Niliisoma, dada. Nikasema, wallahi, huyu mzungu amepata wakwe. Mimi wakwe zangu hata sukari ya chai wananipimia."

"Terry si mzungu. Ni mweusi kuliko wewe."

"Basi huyo mweusi amepata wakwe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ilikuwa barua nzuri."

Na msiba wenyewe ulikuwa hapo. Ilikuwa barua nzuri. Fanuel, baba yake, aliituma kutoka kisiwa cha Mfangano kwa nahodha wa boti, ndani ya bahasha aliyoifunga kwa gundi, na juu yake akaandika kwa mwandiko wa mtu aliyewahi kuwa karani wa kamati ya ufuo: Kwa Serikali ya Amerika. Rispa alikuwa na shahada mbili. Alikuwa amepasua maelfu ya samaki chini ya taa kali akitafuta ugonjwa ndani yao. Lakini alikolelewa, mtoto hafungui bahasha ambayo baba yake ameifunga kwa mkono wake, na isitoshe haikuandikiwa yeye. Alimwachia Yassir aifungue, aiskani na kuiambatanisha na karatasi nyingine za ombi, akaenda kazini.

Kisa chenyewe kilianza kwa sahihi. Miaka minne nyuma, Rispa alipata ufadhili wa serikali ya Marekani kwenda kusomea magonjwa ya samaki, kwenye jimbo lenye ziwa kubwa ambalo nalo halionyeshi ng'ambo. Viza yake ilikuwa ya kubadilishana wataalamu, na ilikuwa na sharti moja: ukimaliza, rudi kwenu ukae miaka miwili kamili ndipo uruhusiwe kuomba kuhamia. Alitia sahihi kwa furaha. Nani asiyetaka kurudi kwao?

Kisha akakutana na Terry, dereva wa basi la chuo, mtu mpole aliyelelewa katika nyumba za watu baki na hakuwa na ndugu hata mmoja wa kumwita kwa jina. Walioana mahakamani. Wote wawili walidhani, kama wadhaniavyo wengi, kwamba ndoa inafuta sharti. Haifuti. Rispa alirudi Homa Bay, akaajiriwa katika idara ya uvuvi, na Terry akaja naye kwa wiki mbili kutoa mahari Mfangano. Siku hiyo Fanuel alisimama mbele ya watu akasema mkwe wake hatakosa mahali pa kuweka kichwa maadamu yeye yu hai.

Miezi mitano baadaye figo za Terry zikakoma.

Tangu hapo alikuwa akiunganishwa na mashine mara tatu kwa wiki. Madaktari wa kule walimwambia wazi: hawatamweka kwenye orodha ya kupandikizwa figo mpaka awe na mtu wa kuishi naye na kumwangalia baada ya upasuaji. Hakuwa na mtu ila mkewe, na mkewe alikuwa ng'ambo ya sharti. Rispa aliomba viza ya kutembea tu, akanyimwa kwa sababu mke wa Mmarekani hudhaniwa kwamba hatarudi. Ilibaki njia moja, kuomba asamehewe sharti. Ilibidi athibitishe kwamba Terry atateseka kupita kiasi akiishi kule bila yeye, na kwamba atateseka vile vile akija kuishi huku. Nusu ya kwanza madaktari waliiandika. Nusu ya pili aliandika Fanuel.

Rispa alikwenda Mfangano Jumamosi iliyofuata. Alimkuta baba yake kwenye kivuli cha ukuta, akishona wavu ambao hakuna aliyemtuma aushone. Alimsomea barua yote, akiitafsiri kwa Dholuo.

"Wamenielewa vizuri," alisema Fanuel.

"Baba, wamekuelewa vizuri kiasi cha kutunyima. Walitaka kusikia kwamba Terry akija hapa hatapona."

"Kwa hivyo niliulizwa kama nyumba yangu inaua watu?"

"Uliulizwa kama kuna daktari wa figo hapa kisiwani. Kama kuna gari la wagonjwa. Malaria ikimpata hali yake ikiwa ile, itakuwaje."

"Malaria tunayo sote."

"Sisi tuna figo nzima."

Fanuel aliuweka wavu chini. "Figo nina mbili. Aje achukue moja."

"Una miaka sabini na moja, Baba, na una presha."

"Basi hata hiyo inanikataa." Alitazama mikono yake. "Nyara, binti yangu, unataka nini hasa?"

Alimweleza. Kulikuwa na wakili Migori, mwanamke Mkuria anayeitwa Nyasuguta, aliyewahi kushughulikia kesi kama hii. Fanuel angeapa mbele yake kwamba barua ya kwanza iliandikwa kwa ukarimu tu, na kwamba kwa hakika mkwe wake akija kuishi Mfangano atakufa.

Mzee aliukunja wavu taratibu. Aliposema, hakupandisha sauti.

"Hiyo ni kwong'."

Rispa alilijua neno hilo tangu utotoni. Kiapo juu ya uhai wa mtu hakibaki kuwa maneno, hugeuka laana. Kikitoka kinywani mwa mzazi, hutafuta mahali pa kukaa.

"Hawa watu hawajui kwong', Baba. Wanajua karatasi."

"Basi waandike wao. Mimi siwezi kumtaja mtoto wa watu, ambaye nilipokea ng'ombe zake, niape kwamba atafia kwangu. Akifa kesho kutwa nitasema nini? Kwamba niliapa vizuri?"

"Asipopata figo atakufa hata usipoapa."

"Atakuwa hakuuawa na mdomo wangu."

Alirudi Homa Bay mikono mitupu. Siku zikaanza kumla. Asubuhi alipima samaki wa vizimba, akaandika urefu na uzito wao, na saa kumi jioni, kulipokuwa kumepambazuka kule, alimpigia Terry akisikiliza jinsi anavyopumua kabla ya kusikiliza anachosema. Siku ya kumi na tisa Terry alimwambia kwamba alianguka bafuni, akakaa sakafuni saa mbili mpaka alipopata nguvu ya kujivuta. Alilisimulia kama jambo la kuchekesha. Rispa alimpelekea baba yake ujumbe wenye maneno machache: Ameanguka. Hakuna aliyemwinua.

Siku ya ishirini na nne Fanuel akapiga simu. "Nitakuja Migori. Lakini jina lake halitatoka kinywani mwangu."

Ofisi ya Nyasuguta ilikuwa juu ya duka la mbolea, na harufu ya mbolea ilipanda ngazi pamoja na wateja. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Alimkaribisha Fanuel kiti chenye mto.

"Mzee, ile barua yako ya kwanza siwezi kuifuta," alisema. "Naweza tu kuweka nyingine juu yake. Rispa amenieleza shida yako. Kwetu pia kuna vitu mtu haapi. Kwa hivyo uniambie habari ya kisiwa tu, mkwe tumwache. Mtu akiugua kwako, inakuwaje?"

Wakili hakujua Dholuo, hivyo Fanuel alilazimika kujibu kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia na wanunuzi wa samaki na maofisa. Labda ndiyo sababu aliweza.

"Bibi yangu Susana ilishikwa na tumbo asubuhi, saa kumi na mbili," alianza.

Rispa aligeuka. Alikuwa na miaka tisa mama yake alipofariki. Alichokijua ni kwamba ziwa lilichafuka siku ile, boti zikashindwa kuvuka.

"Upepo ulikuwa mkali?" aliuliza Nyasuguta, vidole vikiwa juu ya mashine ya kuandikia.

"Hapana. Ziwa ilikuwa imelala kabisa."

"Sasa mlingoja nini?"

"Injini ilikuwa kwa Willis, jirani. Mimi na yeye tulikuwa hatusalimiani. Mambo ya nyavu. Willis alikuwa amekaa kwa mlango yake, ananiona. Alingoja niombe. Mimi nikangoja yeye aseme. Boti ya abiria ilikuja saa saba mchana."

"Mkafika hospitali?"

"Boti ilifika. Susana hakufika."

Chini dukani mtu aliangusha gunia. Rispa alitazama kidau cha wino mezani kana kwamba kilikuwa na maandishi. Miaka ishirini na saba alikuwa ameuchukia upepo.

Nyasuguta alivua miwani. "Mzee, pole sana. Sasa nisikilize. Tutaandika kwamba mgonjwa alingoja boti saa saba nzima. Hiyo ni kweli na inatosha. Habari ya Willis tuiache, haina haja."

"Andika Willis."

"Itatuumiza. Watasema chombo kilikuwepo."

"Mama, nimekuja kula kiapo. Nikikila nusu, hiyo nusu nyingine itanirudia. Ile barua ya kwanza niliandika vile inapendeza. Hii andika vile ilikuwa."

Wakili alimgeukia Rispa. "Ni wewe unayeomba. Niandike?"

Angeweza kusema hapana. Baba yake hakuwa akimtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, shingo yake nyembamba ikionyesha mishipa, na Rispa aliona kwamba akimnyima hili, mzee atalirudisha kisiwani na kuzikwa nalo. Aliona pia sakafu ya bafu kule mbali.

"Andika," alisema.

Fanuel alitia sahihi. Walishuka ngazi bila kushikana mkono, wakanywa chai katika hoteli ndogo kando ya barabara, na hakuna aliyemtaja Susana. Alipokuwa akimsindikiza, Rispa alitaka kumuuliza kama mama yake aliongea katika saa zile saba. Alimlipia nauli.

Jibu lilichukua miezi mitatu. Alilisoma pale pale kwa Yassir, ambaye safari hii alijifanya anapangusa mashine. Ombi limekataliwa. Kauli mbili za shahidi mmoja zinapingana, liliandikwa, na kifo kilichoelezwa katika kauli ya pili hakikutokana na ukosefu wa usafiri bali na ugomvi wa kibinafsi. Rispa alitafuta kosa katika sentensi hiyo ili aikasirikie. Hakuliona.

Ilibaki miezi minane ya sharti, na baada yake foleni ya viza, mwaka mwingine au zaidi. Alipiga hesabu hiyo kwenye risiti ya Yassir, akaikunja.

"Wamesemaje, dada?" Yassir aliuliza hatimaye.

"Wamesoma vizuri."

Alitoka akasimama nyuma ya mabanda ya samaki, akampigia Terry. Alikuwa kwenye mashine. Alimwambia yote, hata habari ya mama yake, na Terry alisikiliza bila kumkatiza.

"Basi nakuja mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa na uchangamfu ambao hakuwa ameusikia tangu mwaka jana. "Nimeshalifikiria. Homa Bay kuna mashine, umeniambia mwenyewe. Tutakaa mjini. Figo mpya siihitaji kama nitakuwa nawe. Watu huishi na mashine miaka kumi."

"Wenye moyo mzima ndio huishi. Wako umeshavimba."

"Rispa, sikiliza. Hapa nakufa polepole peke yangu. Huko angalau..."

"Huko angalau nini?"

Wanawake wawili walipita na mabeseni ya omena, wakamsalimia, naye akaitikia kwa mkono. Alijua kwamba akinyamaza tu, Terry atanunua tiketi wiki hiyo. Atashuka Kisumu amevaa shati lake la maua. Atakuwa wake kwa mwezi, labda miezi minne. Alikitamani kile kimya kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote.

"Usije," alisema.

"Kwa nini?"

"Ukija utafia hapa, Terry. Mikononi mwangu, lakini utakufa. Baki. Tafuta mtu kanisani, tafuta jirani, mlipe mtu akae nawe, wakuweke kwenye orodha. Nami nitakuja sharti likiisha."

"Na kama sitafika?"

Rispa aliigandamiza simu sikioni.

Kwenye simu alisikia mashine ikilia, nyayo zikija haraka, na muuguzi akiuliza kuna shida gani. Terry akamjibu, kwa ile sauti ya upole aliyoitumia zamani kwa abiria waliokosea kituo, kwamba hakuna shida, alikuwa anaongea na mke wake.