Kamba ya Nguo Mbele ya Muthoki

Siku Wamalwa alipomwona mara ya kwanza, Muthoki alikuwa ameanguka kando ya mfereji wa ploti yao ya vyumba vya kupanga, kule mtaa wa Tena, ndoo imepinduka, miguu imekataa kusimama, na wanawake wanacheka.

"Asubuhi yote hii ushalewa?" Truphena, jirani yake, alimuuliza.

Wamalwa, seremala aliyekuwa ndiyo kwanza amehamia pale, hakuwa mtu wa maneno. Alimwinua, akamfikisha mlangoni, akarudi kwenye randa yake kwa hasira. Muthoki hakuwa amekunywa hata chai.

Zamani alikuwa akipiga msasa vinyago vya kakake Muthama hadi vikang'aa. Kisha vidole vikafa ganzi, jicho moja likaingia ukungu. Watu wa maombi wakasema ametupiwa jini. Wakamfungia ndani, pazia chini, blanketi hadi kidevuni, miezi mingi. Mwishowe daktari akamwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Damu iliyopelekwa kupimwa ng'ambo ilionyesha vitamini D imepungua sana, kama ilivyo kwa wengi wenye ugonjwa huo. Jua halitamponya, daktari alisema, lakini mifupa yake inalihitaji. Akampa vidonge, akamwambia aote jua la asubuhi, kabla joto la mchana halijamlegeza.

Ghorofa zilizingira ploti. Jua lilishuka mahali pamoja tu, penye kamba ya nguo. Wamalwa alimtengenezea kiti, akakiweka hapo. Truphena akaja na blanketi zito, akalianika mbele yake, kivuli kikamfunika.

"Kenya nzima ni jua, wewe ndiye umelikosa?"

"Nililikosa mkiniombea," Muthoki akajibu. "Nani alikuwa akishikilia lile pazia, si wewe?"

Kesho yake wanawake wakaanika mashuka. Siku iliyofuata, zulia. Paka wa ploti aliota jua popote alipotaka. Binadamu mgonjwa akanyimwa kipande cha ukubwa wa kiti!

Wamalwa akaifungua kamba, akaifunga upande wa vyoo.

"Anikeni huku."

"Ala, fundi! Kumbe una sauti?" Truphena akasema.

"Ninayo. Na nyundo pia."

Truphena akaenda kwa mwenye nyumba. Amri ikaja: kiti kiondoke, kamba irudi. Muthama aliposikia, akaja na pikapu kumchukua dadake, ampeleke kwao Mwala, ambako uwanja ni mpana.

Wamalwa alimbeba hadi kwenye gari, akampakilia na kiti chake. Muthoki akamshika mkono wa shati.

"Fundi, hiyo kamba usiirudishe. Atakuja mgonjwa mwingine."