Bahasha kwa Mkuu wa Jikoni

Mwaka ule wa uchaguzi nilikuwa kibarua katika jiko la bunge, hapa Stockholm. Uchaguzi ukipita, mkuu wa jikoni angeamua kama niajiriwe moja kwa moja au niende zangu. Kwa hiyo kila kitu nilikipima hivyo: kitanipa kazi, au kitaninyima?

Asubuhi moja, wakati wa kahawa, mwenzangu mmoja aliyeosha vyombo, mama wa Kiswidi, alipitisha kopo la kuchangia kampeni ya chama chake.

"Anayetaka atie. Asiyetaka anywe kahawa yake."

Nikatazama ni nani anayetutazama. Hakuna aliyetutazama. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Niwaeleze taratibu, maana hata wanangu, wanaonijibu kwa Kiswidi, hulicheka jambo hili. Kwetu Kenya, mchango wa hiari tuliujua. Mfanyakazi wa serikali alichanga, kisha akahakikisha bosi amemwona. Usipoonekana, hukuchanga. Ukihamia nchi ngeni na akili ya namna hiyo usijione mjinga; ndiyo iliyokulisha ulikotoka.

Jioni, nyumbani mtaa wa Tensta, nilimsimulia jirani yetu, Mganda aliyekuwa karani wa serikali kabla hajaikimbia nchi yake.

"Shemeji, kopo ni la kukupima," alisema. "Hao wanaokunywa kahawa ndio wanaokuangalia."

"Sasa nifanyeje?"

"Toa. Lakini mpe mkubwa mwenyewe, mkononi."

Kesho yake nikabisha mlango wa mkuu wa jikoni. Nikamwekea bahasha mezani kwa mikono miwili, nimeinama kidogo.

"Ya kampeni," nikasema.

Akawa mwekundu hadi masikioni. Mikono akaificha nyuma, kisha akautoa mmoja na kuisukuma bahasha kwa ncha ya kalamu hadi ukingoni mwa meza.

"Usiniambie ni ya chama gani. Hapa tunawapikia wote. Sitakiwi kujua."

Nikatoka na bahasha yangu.

"Ni kidogo," jirani akaamua jioni ile. "Ongeza."

"Au ni chama kibaya," mume wangu akasema.

Tukakaa na chai tukimchambua mzungu wa watu: gazeti analosoma, soksi zake nyekundu, mbona hasalimiani na mbunge fulani. Hatukuambulia kitu. Nami, kwa kuogopa kukosea chama, sikumpa yeyote. Kopo lilipopita tena nilikunywa kahawa, nayo haikuwa na ladha.

Uchaguzi ulipopita, mkuu aliniita.

"Kazi ni yako, ukiitaka."

"Kwa nini mimi?"

Akanishangaa. "Unafika mapema, na supu yako ya njegere haiungui."

Nikatia sahihi. Nilipompa jirani habari hizo, hakutabasamu.

"Wamekuachilia kwa sasa, makusudi, shemeji. Subiri uchaguzi ujao."

Huku uchaguzi ulikuwa kila baada ya miaka mitatu. Nisiwadanganye: nilisubiri.