Yaya Mwenye Ndevu wa Darasa la Pili

Siku ya kwanza kazini nilisimamishwa mlangoni. Nilikuwa nimeenda shule moja ya Silanga kutafuta kazi ya mjengo, kwa sababu nilisikia wanaongeza darasa la mabati, na mikono ya kubeba mawe nilikuwa nayo. Mwalimu Mkuu wa hapo, mama mrefu aliyependa kuongea huku anatembea, aliniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Una watoto?"

Nikamwambia wanne, wa kwanza Nekesa.

"Wanakuogopa?"

"Hapana, mwalimu. Wananipanda kama mti."

"Basi mjengo umejaa. Lakini simama hapo kwa mlango wa darasa la kwanza. Kuna mtoto anatoroka."

Na kweli alikuwa anatoroka. Mwalimu akigeukia ubao tu, yule mtoto anateremka mbio mpaka mashamba ya mboga za sukuma kando ya dam, lile bwawa la mtaa, kuangalia watu wakimwagilia. Mimi nikawa ukuta. Nilipochoka kuwa ukuta, niliingia nikaketi naye, na tangu hapo sikurudi kwa mawe. Hivyo ndivyo nilivyoingia ualimu, au tuseme ubavuni mwa ualimu, mimi niliyeacha shule darasa la nne. Baba alisema ng'ombe wana haraka kuliko vitabu. Lakini hiyo ya baba ni hadithi nyingine, na ng'ombe wenyewe walikuwa wabaya.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, na kazi yangu haikuwa na jina. Mwalimu Nyambura wa darasa hilo, aliyekuwa ametoka kusomea elimu maalum, alisema mimi ni msaidizi wa darasa. Akina mama waliokuja kuchukua watoto wakaona mwanaume mwenye ndevu anafuta makamasi, wakasema huyo ni yaya. Jina likashika kama gundi. Mke wangu alicheka mpaka akamwaga chai. Hata leo, nikipita stage ya matatu ya Kawangware, jibaba lenye kitambi nililolifuta makamasi litaniita, "Yaya, niaje!" na watu wote wageuke.

Sasa ngoja niwaeleze vijana kazi yenyewe. Mtoto mwenye ulemavu wa kujifunza si mjinga, na si mvivu. Macho anayo, masikio anayo, stori za mtaa anazijua zote, lakini herufi zinamkataa. Akifika mwisho wa neno, mwanzo umeshapotea. Zamani mtoto kama huyo alichapwa, akawekwa nyuma, akarudia darasa mpaka wadogo zake wakampita. Mwalimu Nyambura alikataa hayo. Hakutaka pia watolewe wakafungiwe chumba chao peke yao. Alitaka wabaki hapo hapo na wenzao, dawati moja, uji mmoja.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuokota. Kulikuwa na sinia ya mchanga, mtoto aandike kwa kidole kabla ya kushika penseli. Kulikuwa na vifuniko vya soda vya kuhesabia. Kulikuwa na kitu tulichokiita kidirisha, kipande cha katoni kilichokatwa tundu, ukikiweka juu ya kitabu kinaonyesha mstari mmoja peke yake, ile mingine isimpigie mtoto kelele. Na kulikuwa na rafiki wa dawati. Huyo ni mwenzake anayekaa naye, kazi yake kumkumbusha, si kumfanyia. Kumkataza mtoto asimfanyie rafiki yake kazi, hiyo nayo ni kazi!

Mwalimu Nyambura alipohamishiwa Kawangware, aliniomba niende naye, nikaenda. Huko Mwalimu Mkuu alikuwa mzee wa tai, chaki kila mfuko, na sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Hakuwa mbaya. Shule yake ilikuwa imejaa mpaka madirishani, na kila asubuhi wazazi walimngoja getini wakitaka nafasi.

Ndipo nikakutana na Awuor. Darasa la pili lilikuwa limemzoea kama kiraka, kwa sababu kila mwaka wenzake walipanda, yeye akabaki. Alikuwa mrefu kuliko wote, mpole, na mcheshi ukimkuta peke yake. Rafiki yake wa dawati alikuwa Njeri, binti wa mwenye ploti ya nyumba za kupanga, mdomo kama redio. Muhula wa tatu ulipofika katikati, Mwalimu Mkuu aliingia akasema mbele yetu, "Mwalimu Nyambura, huyu asipopita mtihani mara hii, mama yake amchukue. Siwezi kushika nafasi ya mtu."

Mama Awuor alikuwa anakaanga samaki kando ya barabara. Nilipopita jioni, alinivuta pembeni.

"Baba Nekesa, niambie ukweli. Mtoto wangu atapita?"

"Anajua mengi, mama."

"Sijauliza kama anajua. Akitolewa, nitampeleka kwa nyanya yake nyumbani, achunge ng'ombe. Mimi nilichunga. Sitaki achunge."

Nilinunua samaki, nikaenda zangu.

Mwalimu Nyambura akaenda ofisini kuomba Awuor asomewe maswali. Mimi nilikuwa mlangoni, mlango ndio kazi yangu ya kwanza, nikasikia yote.

"Na wengine wakitaka kusomewa?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Wasomewe."

"Huo si mtihani, hiyo ni hadithi njoo." Akafikiri kidogo. "Sawa. Asomewe maswali, lakini jibu aandike mwenyewe. Na asisomewe na wewe, utamwonyesha kwa macho. Asomewe na Yaya. Huyo hata majibu hajui."

Wote wawili wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana ilikuwa kweli.

Siku ya mtihani niliketi karibu na Awuor, nikaweka kidole chini ya neno. Mimi si msomaji, nawaambia. Nikasoma: "Ma-ma... a-na... ma-chu-ngwa..." Jasho lilinitoka mpaka kwenye ndevu. Awuor aliniangalia mdomo, halafu akaandika. Kufika swali la hesabu, niliona kule nyuma kumenyamaza. Wale ambao kila mtihani huchora ndege tu kwenye karatasi wameinama, wanafuata sauti yangu na kuandika na sisi, swali kwa swali.

Mwalimu Mkuu aliposahihisha, alituita ofisini mbio, mimi na Mwalimu Nyambura.

"Watoto wa nyuma wamepita! Umewapa majibu!"

Hapo kazi yangu ilikuwa hatarini, na jina la Mwalimu Nyambura, na kubwa zaidi, Awuor alikuwa anaelekea kwa ng'ombe.

"Angeyatoa wapi, mwalimu?" Mwalimu Nyambura akasema. "Wewe mwenyewe ulisema hajui."

Mzee akachukua chaki. "Nitawapa mtihani mwingine. Nitausoma mimi."

Akasimama mbele ya darasa, akasoma swali la kwanza kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari, mbio kabisa. Hakuna penseli iliyosogea kule nyuma. Awuor alitia yake mdomoni akaitafuna. Njeri akanyoosha mkono.

"Mwalimu, soma kama Yaya."

"Yaya anasoma aje?"

"Kama mtu anatoa mwiba."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mimi pale mlangoni nilitamani kuingia chini ya dawati. Lakini Mwalimu Mkuu alivuta tai, akarudia swali, neno moja, kisha lingine.

"Polepole zaidi," mtu akasema. Alikuwa Awuor. Hakuwa amewahi kumwambia Mwalimu Mkuu neno.

Akapunguza tena. Akasoma swali baada ya swali, watoto wanaandika, na mimi nje ya mlango nashika fremu ili nisirukeruke. Alipomaliza, alichukua karatasi ya Awuor kwanza. Akaisoma mpaka chini.

"Huyu amekuwa akijua haya?"

"Amekuwa akingoja," Mwalimu Nyambura akasema.

Siku ya kufunga, shule yetu ilikuwa na desturi: anayepanda darasa anabeba dawati lake mpaka darasa jipya. Mama Awuor alikuja na mfuko wa nguo, amejiandaa kwa safari ya kwa nyanya, maana matokeo hakuwa ameambiwa. Akamkuta binti yake ameshika upande mmoja wa dawati, Njeri upande mwingine, wanagombana nani anaenda kinyumenyume. Mama alipiga vigelegele akiwa na aproni yake ya samaki, wapita njia wakadhani ni harusi. Mwaka uliofuata Mwalimu Mkuu aliamuru madarasa ya chini yasomewe mitihani, na walimu wakamtania kwamba amechukua kazi ya yaya.

Nilistaafu magoti yalipokataa vile viti vidogo. Sitawadanganya kwamba Awuor alikuja kuwa daktari. Anashona yunifomu, ana wafanyakazi wake, na kusoma bado anasoma kwa shida. Hatukumponya mtu. Walimu vijana huja kwangu mtaa wa Satellite, wakitaka niwape siri ya kazi. Juzi alikuja mmoja, nikamuuliza, "Katika darasa lako, nani ukimwangalia unajua dawati lake halitatoka hapo?"

Akataja jina, polepole, kama ndiyo mara ya kwanza kulisema.

"Huyo," nikamwambia. "Kesho kaa karibu naye. Sasa kunywa chai, inapoa."