Elinaja na Mkwe wa Ndani ya Vani

Elinaja hakuwa mlevi, na aliyewahi kumwita hivyo usoni alijuta. Alikuwa mpika mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi ya kwao Uchagani, na mpika mbege asiyeonja ni sawa na fundi cherehani asiyepima. Kosa lake lilikuwa kuonja usiku kucha katika jiko lake la Walthamstow, London, akalala kidogo, akaamka anajiona mkavu kabisa, akapakia mapipa garini na kuondoka. Polisi wakamsimamisha kabla jua halijapanda. Akapuliza. Kipimo kikasema ya jana bado iko mwilini, na mahakama ikachukua leseni yake ya udereva.

Kosa alilikubali. Kilichomkera ni yaliyofuata. Leseni iliporudi, kampuni za bima zilimkimbia kama mwenye upele, mpaka moja ikasema itamchukua kwa sharti: afungiwe kifaa cha kupuliza. Kifaa chenyewe kama simu ya zamani, kinaning'inia kwa waya kando ya usukani. Hupulizi, gari haliwaki. Kamera ndogo inakupiga picha, usije ukampa mwingine akupulizie. Na hata ukiwa barabarani, katikati ya foleni, kinalia ghafla kinataka tena, kama mtoto wa kunyonya.

Akakiita Mkwe. Mbele ya mkwe hufiki unanuka pombe.

Wiki ya kwanza tu alikosea. Alionja kijiko cha mbege, akatema, akaingia garini papo hapo. Mkwe akakataa, na habari ikafika kwa watu wa bima. Wakamwambia: ukirudia, tunaachana. Bila bima vani hailali barabarani, sembuse kutembea, na bila vani Elinaja hana kazi. Tangu hapo alionja siku moja kabla, akatema, akasukutua, akalala.

Jumamosi hiyo mbege ilikuwa ya Aikaeli, aliyekuwa akimuaga binti yake anayeolewa katika ukumbi mmoja wa Stratford. Elinaja alishusha mapipa, akayapanga mbele ya wazee, akageuka aondoke. Chakula alichotakiwa kumpelekea mteja mwingine, Bhanu wa Queensbury, kilikuwa bado cha moto ndani ya vani.

"Shemeji, unakwenda wapi? Tuonjeshe kwanza."

Aliyesema ni Nickson, kaka wa marehemu mumewe, mkubwa wa ukoo hapa London. Mkononi alishika kata ya kuchotea mbege. Na kweli ndivyo ilivyo: aliyepika huonja mbele ya watu, waone hakuna sumu wala kinyongo. Asipoonja, mzee hagusi.

"Nimeonja jana nyumbani, nikatema. Naendesha, shemeji."

"Umetema? Mbege ya harusi inatemwa?"

"Funda moja tu, mama," akadakia mzee wa pembeni. "Halafu mwite mtu akupulizie."

"Kina kamera."

"Kivike kofia!"

Wakacheka mpaka wakakohoa. Elinaja hakucheka. Midomo hiyohiyo ndiyo iliyomsema alipohukumiwa. Nickson mwenyewe alisimama katika kikao cha jumuiya akatamka kwamba mjane anayekunywa ni aibu ya ukoo.

"Shemeji," Elinaja akasema, na sauti yake ikafika hadi jikoni, "nilipokunywa nilikuwa aibu. Leo nimekuja mkavu, aibu tena. Nichagulie moja niibebe, maana mbili ni nzito."

"Usichanganye mambo. Mila ni mila."

"Mila inataka nionje muone sina sumu. Haitaki nionje nibaki sina kazi."

Aikaeli akamvuta pembeni, macho yamemlegea. "Dada, wasipokunywa watasema mwanangu kaagwa bila baraka. Liache gari hapa, nakuomba."

"Na chakula cha Bhanu nikipeleke kichwani?"

Aliitazama kata, kisha pipa lililofunuliwa. Povu lilikuwa limekaa vizuri, harufu imekolea. Hilo ndilo lililomuuma zaidi: alijua funda hilo lingeshuka vipi. Akachukua vifuniko, akaanza kufunga mapipa.

"Unafanya nini?" Nickson akauliza.

"Biashara. Mteja akiitilia shaka mali, mali inarudi. Bhanu kazaliwa Moshi, anaijua mbege, na kwake siulizwi sumu."

Akakokota pipa la kwanza nje, na la pili. Wazee walilifuata la tatu kwa macho, kisha kwa miguu. Alipomaliza kupakia alipanda vani, akafungua dirisha ili waone wote, akavuta pumzi na kupuliza mpaka mashavu yakauma. Taa ikawa ya kijani. Injini ikanguruma.

"Mmeona? Hiyo ndiyo kata yangu siku hizi. Nimeonja mbele yenu."

Nickson alisimama na kata yake tupu, akawatazama wenzake, akautazama mlango wa nyuma wa vani. Mwisho akaufungua, akafunua pipa na kuchota.

"Aliyepika ni mke wa ndugu yangu," akawatangazia. "Mkono wake ni mkono wangu." Akanywa hadi povu likashika masharubu. "Haya, shusheni."

"Bado," Elinaja akasema. "Kwenye kikao kijacho utasema nini?"

"Shemeji, watu wana kiu."

"Naona. Utasema nini?"

Nickson akajifuta mdomo. "Nitasema nilikosea kukuita aibu. Zima gari basi, tushushe."

"Sizimi. Nikizima itabidi nipulize upya, na pumzi ya leo mmeshaimaliza. Shusheni hivyohivyo."

Wakashusha, mzee mzima na suti yake, Aikaeli akipiga vigelegele. Elinaja aliondoka bila kuaga.

Hakuwa amefika mbali Mkwe akalia, anataka tena. Akapuliza huku akiwatukana wote mmoja mmoja moyoni: bima, wazee, na kifaa chenyewe. Taa ikawa ya kijani. Bahati yake kilipima pombe tu. Kingepima hasira, vani isingetoka Stratford.