Wahadhiri Walinipigia Makofi kwa Kuigiza, Kumbe Sikuwa Nikiigiza

Nimepigiwa makofi ya kusimama mara moja tu maishani. Waliopiga walikuwa wahadhiri, ukumbi mzima, na walikuwa wakinisifu kwa jinsi nilivyoigiza mwanafunzi asiyeelewa kitu.

Shida ni kwamba sikuwa nikiigiza.

Nikisimulia mkasa huu watu husema nimetia chumvi. Wallahi sijatia hata punje. Kaeni niwape.

Mimi ni mtu mzima. Nina mke, nina mtoto, nina upara. Nilikuwa fundi umeme, nikaacha kazi nikaingia chuo huku wadogo zangu wakinicheka. Tangu siku hiyo nyumba inaendeshwa na cherehani ya mke wangu. Analala mgongo unamuuma, anaamka anashona tena.

Sasa, somo la takwimu lilikuwa limeshaniangusha. Ilibaki nafasi moja, mtihani wa marudio. Ukianguka hapo unafungasha virago, unarudi kwenu. Hakuna cha samahani wala cha mjomba wangu anafahamiana na fulani.

Na mtihani wenyewe ulikuwa kesho yake.

Mwalimu wa somo tulimwita Bunduki. Akifungua mdomo maneno yanatoka mfululizo, na wewe uliyekaa mbele yake unabaki kuinamisha kichwa yapite. Nilimfuata ofisini mpaka miguu ikachoka. Ujumbe wa simu nilimtumia kila asubuhi. Kimya.

Asubuhi ile nikapiga koti na tai, nikaenda tena. Katibu wake akanihurumia.

"Kaka, leo humpati hapa. Wahadhiri wa idara zote wako kwenye mafunzo, ukumbi wa juu. Nenda ukamvizie mlangoni wakitoka."

Nikapanda ngazi mbio. Nikasimama mlangoni, nikitazama saa, nikiingiza mikono mfukoni na kuitoa. Sikuweza kutulia. Kila dakika niliyosimama pale ni dakika ya kusoma iliyokuwa inanipotea.

Mara mlango ukafunguliwa. Mama mmoja mnene, miwani kichwani, ndiye aliyekuwa akiendesha mafunzo yale.

"Na wewe ndiyo unafika saa hizi? Watu wazima mnachelewa kuliko watoto! Ingia."

"Samahani mama, mimi nilikuwa..."

"Visingizio weka nyumbani. Kaa pale."

Akanivisha kitambulisho shingoni, kimeandikwa MSHIRIKI, akanisukuma ndani. Upara na tai vikamaliza kazi iliyobaki. Jamani, mngenitazama hata ninyi mngesema huyu ana shahada tatu.

Nikakaa. Mbele yangu, karibu na ubao, nani amesimama? Bunduki!

Nikaelewa taratibu kinachoendelea. Kila mhadhiri anapewa muda mfupi afundishe mada moja, wenzake wanajifanya wanafunzi, halafu wanamkosoa. Mmoja wao anapewa kazi ya kuwa mwanafunzi mzito wa kuelewa.

Yule mama mwezeshaji akaangaza macho, yakatua kwangu.

"Mchelewaji! Adhabu yako hii hapa. Wewe ndiye mwanafunzi mzito. Usimwachie mpaka uelewe kweli."

Nikamtazama Bunduki. Sasa hivi atanijua, nitatolewa kama mwizi. Bunduki akanitazama usoni, akatabasamu kidogo, akageukia ubao.

Hakunijua. Mwaka mzima nimekaa darasani kwake, hakunijua hata kwa bahati mbaya.

Akaandika ile kanuni ya kupima namba zilivyotawanyika. Ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inaninyima usingizi. Namba ziko tano, halafu mwishoni unagawa kwa nne. Kwa nini nne? Wenzangu waliikariri wakapita. Mimi ni fundi, siwezi kufunga waya nisiojua unakwenda wapi.

Bunduki akafyatua. Alipopumua, nikanyoosha mkono.

"Dokta, sijaelewa. Namba ni tano. Kwa nini tunagawa kwa nne?"

"Kwa sababu umeshatumia data kukadiria wastani, kwa hiyo umepoteza digrii moja ya uhuru."

"Imepotelea wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi sikucheka.

"Haijapotelea mahali," akasema Bunduki. "Ni dhana."

"Sasa dhana inapunguzaje namba tano kuwa nne?"

Jasho likaanza kumtoka. Akarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, kama vile tatizo lilikuwa masikio yangu. Nikasema tena sijaelewa. Mhadhiri mmoja wa kike nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Huyu anaigiza mpaka anatisha. Ninaye mmoja yuko hivi hivi!"

Mwezeshaji akadakia. "Daktari, mwanafunzi wako bado yuko gizani. Muda unakwenda."

Bunduki akaweka chini kalamu ya ubao. Nilimwona akifikiri, na kusema kweli sikuwahi kumwona akifikiri mbele ya watu. Kisha akavuta viti vitano, akavipanga mbele. Akaita watu watano. Mkuu wa idara yake akawa wa kwanza, mimi wa mwisho.

"Kila mtu achague kiti anachopenda."

Mkuu wa idara akachagua chenye mto. Wa pili akakimbilia cha dirishani. Wa tatu na wa nne wakagombania cha pembeni wakicheka, mmoja akashinda, mwingine akatafuta kingine. Kikabaki kimoja, mguu mmoja mbovu. Nikakikalia.

"Wewe umechagua?" Bunduki akaniuliza.

"Sijachagua. Hiki ndicho kilichobaki."

"Basi waliokuwa na hiari ni wangapi?"

"Wanne."

"Na watu mko wangapi?"

"Watano."

"Ndiyo hivyo. Wastani ukishajulikana, namba nne zinaweza kuwa zozote zile. Ya tano haina hiari, lazima iwe ile inayotimiza wastani. Ya tano ni wewe."

Ndugu zangu, nilihisi kama mtu kawasha taa. Nilikaa juu ya kile kiti kibovu machozi yakinilengalenga.

"Nimeelewa," nikasema. "Yaani hili tu? Hili ndilo lilikuwa linanitesa?"

Hapo ndipo ukumbi ulipoinuka. Makofi, vigelegele, mwingine anagonga meza. Mkuu wa idara akanipiga begani. "Bwana, ungekuwa kwenye tamthilia!"

Tukatoka kunywa chai. Akili ikaniambia, umeshapata ulichofuata, toroka sasa hivi. Nikaanza kuvizia ngazi. Bunduki akanikamata mkono, furaha imemjaa.

"Mwenzangu, umenisaidia sana. Wanafunzi wamenilalamikia, na nisipofanya vizuri hapa cheo sipandi. Lakini niambie, ule uzito uliutoa wapi? Maana ninaye mmoja wa aina hiyo. Kila asubuhi ujumbe, kila siku mlangoni. King'ang'anizi! Nikisikia hatua zake nakaa kimya ndani mpaka aondoke."



Kumbe alikuwa ndani! Siku zote zile, mke wangu anashona, mimi naegemea ule mlango, naye yuko upande wa pili amekaa kimya. Niliumia. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Sikutoroka tena.

Tuliporudi ndani mwezeshaji akanisimamisha.

"Sasa vua uanafunzi. Tuambie kama mhadhiri mwenzetu, somo lilikuwaje?"

"Siwezi kuuvua," nikasema.

Wakacheka.

"Sina uhadhiri wa kuvaa. Mimi ni mwanafunzi. Kesho nina mtihani wa marudio wa takwimu, na nikianguka nafukuzwa."

Wakacheka zaidi! Mmoja akapiga makofi. "Bado yumo tu kwenye uhusika, huyu mtu hatari!"

Nikatoa kadi yangu ya mwanafunzi, nikaenda kumwekea Bunduki mbele yake.

"Na yule king'ang'anizi wa mlangoni, Dokta, ni mimi."

Kicheko kikakatika. Bunduki akaitazama kadi, akanitazama mimi, akaitazama tena kadi. Nilitegemea aone haya. Badala yake nikaona hofu.

"Lile swali," akasema kwa sauti ndogo. "Mfano niliofundishia leo. Niliuchukua kwenye mtihani wa kesho. Nilijua humu hamna mwanafunzi."



Mkuu wa idara akaruka kwenye kiti. "Kwa hiyo umeingia humu kuiba mtihani! Nani amekutuma? Hili si la kufeli tena, hili ni la nidhamu. Utaondoka leo, hiyo kesho huifikii!"

Nikamwona mke wangu ameinama kwenye cherehani. Nikajiona mpumbavu namba moja. Ningenyamaza, ningekuta swali linanisubiri na hakuna ambaye angejua. Mdomo wangu huu!

"Nilimwingiza mimi," akasema mwezeshaji. "Nilimsukuma kwa mikono yangu. Alitaka kujieleza nikamkatiza."

"Mlangoni alifuata nini?" Mkuu wa idara hakusikia la mtu. "Daktari, sema wewe. Unamjua huyu?"

Wote tukamgeukia Bunduki. Njia ya kutokea alikuwa nayo, nyepesi kabisa. Angesema tu kwamba nimekuwa nikimwinda kwa ajili ya mtihani. Mimi nani angeniamini? Yeye angebaki safi, na cheo chake angekipata.

Akaichukua kadi yangu, akanirudishia.

"Simjui," akasema mwishowe. "Na hilo ndilo kosa. Huyu hajaja kuiba. Amekuwa akinifuata tangu nilipomwangusha, nami nimekuwa nikijificha ofisini kwangu kama mdaiwa. Swali la mtihani nimelileta humu mimi kwa uvivu wa kutunga mfano mwingine. Kama kuna wa kupelekwa kwenye nidhamu, nipelekeni mimi."



Mkuu wa idara akakata shauri palepale. Mtihani wote unafutwa, atautunga mhadhiri mwingine usiku huo huo, na Bunduki asiuguse. Mimi nikaruhusiwa kuufanya.

Nikatoka nimefurahi na nimechoka. Kwenye ngazi ndipo akili ikanijia. Jambo moja nililolielewa mwaka mzima ndilo lililotupwa! Nikakaa chini pale pale na tai yangu.

Bunduki akashuka, akasimama juu yangu.

"Umeshaona kwamba lile swali halitatoka?"

"Nimeona, Dokta."

"Mimi si mtunzi tena. Sijui kitakachotoka, kwa hiyo hakuna wa kunizuia kufundisha. Waite wenzako wote wenye marudio. Na uje na lile la pili usilolielewa."

Tulijaa ofisini kwake hadi wengine wakakaa sakafuni. Akiteleza kwenye ufyatuaji wake tunamwambia pole pole Dokta, anasimama, anaanza upya. Viti vilisogezwa sana siku ile.

Kesho yake mtihani ulikuwa mgumu kweli. Nilitoka sijui nimepata au nimekosa. Wiki ile sikula nikashiba. Matokeo yalipobandikwa sikuweza kuyasoma, nikampigia mke wangu simu nikiwa nimefumba macho mbele ya ubao. Akasema, "Baba, hebu fumbua uangalie, mimi nina nguo ya watu hapa."

Nilikuwa nimepita. Kwa kupenya, lakini nimepita. Nikamwambia. Cherehani ikanyamaza, nikamsikia analia.

Baada ya miezi kadhaa nilikutana na yule katibu wa Bunduki. Nikamuuliza kile cheo kilikuwaje.

"Hukusikia?" akasema. "Walimnyima. Maneno aliyoyasema ukumbini wakamwandikia kwenye barua kama yalivyo, kwamba amekiri mwenyewe."

Tulikuwa tunaonana na Bunduki kila wiki, yule mtu. Hakuwahi kunigusia.

Nyie mnaosoma hapa, funzo langu ni fupi. Usipoelewa sema hujaelewa, hata kama ukumbi mzima utacheka. Na ukisikia mtu amesema ukweli wa kumsaidia mwenzake, usidhani umemtoka bure. Mimi niko mwaka wa mwisho sasa, na kuna mwalimu mmoja analipia ukweli wake mpaka leo.